Kinyozi Asiyeingia Majini

Mallawi, 12 Oktoba 1958

Dada yangu Hilana,

Nakusalimu wewe, shemeji Tadros na wanao. Sisi hatujambo, ila mkono wangu wa kulia unauma. Pamba imeshauzwa, na kila mwanamume wa Mallawi amekumbuka ghafla kwamba ana ndevu.

Nisamehe sikuja ng'ambo kwenye arobaini ya mama mkwe wako. Nilishikwa na homa asubuhi ile ile.

Sasa nikupe habari za kusanyiko letu. Amehamia hapa mzee mmoja kutoka Asyut, jina lake Wissa, mpima pamba, ndevu nyeupe, sauti kama kengele. Anajua Maandiko kuliko sisi sote. Anafundisha kwamba mtu hata akiamini kwa moyo wote, kama hajazamishwa majini mwili mzima, dhambi zake bado ziko naye. Anasema Petro hakusema tubuni mkapumzike, alisema tubuni mkabatizwe. Kabla yake sisi hatukuwa na haraka. Aliyetaka kuzamishwa alizamishwa, asiyetaka alingojewa.

Kila Alhamisi tunajibizana, yeye na mimi, na watu wanakuja kama wanaokuja harusini. Mimi nilimwambia, "Mzee, mwizi pale msalabani aliingia peponi siku ile ile. Alibatizwa kwenye beseni gani?" Watu wakacheka. Nikamwambia habari za Kornelio pia, aliyeshukiwa na Roho kabla hajaguswa na tone la maji. Akanitazama tu, akasema, "Endelea, kinyozi. Ulimi wako umenolewa."

Lakini wazee wa kusanyiko wameamua kwamba, mpaka jambo hili liishe, asiyezamishwa asiumege mkate wa Bwana. Kwa hiyo Jumapili nakaa benchi la nyuma pamoja na watoto. Usicheke.

Ndugu yako,
Ghattas


Nazlat Hanin, 30 Oktoba 1958

Mdogo wangu Ghattas, mwanazuoni wa wembe,

Nimecheka. Umenikataza umechelewa.

Homa yako ina akili sana. Inajua siku ninayokualika, inajua kwamba kwangu ni ng'ambo, na inajua kwamba kuja huku ni lazima upande mashua ya kuvukia. Mwaka juzi ilikuwa tumbo. Kwenye harusi ya binti yangu ilikuwa jino.

Na hayo mabishano yenu, mnaniumiza kichwa wote wawili. Huyo mzee wako amesema nusu ya kweli. Maji yanaokoa, kanisa letu limesema hivyo tangu mababu wa mababu. Lakini wewe ulishabatizwa humo, kabla hujatuacha ukaenda kwenye kusanyiko lako. Nilikuwapo, nilishika mshumaa. Kasisi wetu, Abuna wa wakati ule, alikuzamisha mara tatu, na ulipotoka ukamkojolea joho lake jeupe. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Ubatizo ni mmoja kama vile kuzaliwa ni mara moja. Mnagombea ufunguo wa nyumba ambayo mama alishakufungulia mlango, ukaingia, ukala, ukalala.

Ulizaliwa mkesha wa sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, sisi tukimenya magimbi ya sikukuu, ndiyo maana mama akakuita Ghattas. Mtu mwenye jina la mzamaji, na ananawa uso kama paka.

Jambo moja nikuulize, na usinikasirikie. Hoja hiyo kwamba maji si lazima, umeipata kwenye Maandiko, au umeipata siku ile mashua ilipopinduka tukienda kwenye sikukuu ya Bikira? Ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikushika nywele nikakuvuta. Kaka yetu Rizq hakuna aliyemshika. Hatujawahi kulizungumza. Mimi leo nalizungumza.

Dada yako,
Hilana


Mallawi, 20 Novemba 1958

Hilana,

Naomba usimtaje Rizq kwenye barua. Hoja ni hoja, na zangu nimezitoa kwenye Kitabu.

Nikwambie yaliyotokea, uone kama haya ni mambo ya mashua.

Kulikuwa na mjane kwetu, anaitwa Balsam, mshonaji wa majoho. Aliamini mwaka jana, mtu mzima, kwa machozi na kicheko pamoja. Miguu yake ilikuwa imevimba, haimbebi. Alikuwa akisema, "Nikipata nafuu mnipeleke mtoni." Hakupata nafuu. Amefariki Jumanne.

Nyumbani kwake, maiti bado iko kitandani, mwanawe Nashid akamwuliza Mzee Wissa mbele ya watu wote, "Mzee, mama yangu yuko wapi sasa?" Wissa akasema, "Mwanangu, Neno halinipi ruhusa ya kusema."

Nilimwona kijana anavyokunja uso kama mtu aliyepigwa. Nikasimama. Nilikuwa bado na aproni ya kazini. Nikasema, "Mzee, mimi nilikuwa nakuja hapa kila asubuhi kumsalimu Balsam. Kila asubuhi namkuta anazungumza na Bwana wake kama jirani na jirani. Kama Mungu alikuwa anamngojea mtoni tu, basi yule aliyekuwa naye humu chumbani alikuwa nani?"

Nyumba nzima ikalia. Nashid akanibusu mkono. Tulimzika kwa nyimbo, si kwa minong'ono. Nilishinda, dada. Wazee wenyewe wamesema nilishinda.

Njiani kurudi, Wissa akanifikia, akasema kwa sauti ya chini lakini watu wakasikia, "Umemtetea vizuri Balsam, na mwizi umemtetea vizuri. Lakini mwizi alikuwa na misumari miguuni. Balsam alikuwa na ugonjwa miguuni. Wewe, Ghattas, una nini miguuni?"

Nikamjibu kwamba nina viatu vya kulipia mwisho wa mwezi. Watu wakacheka. Kwa hiyo hata hapo nilishinda.

Sasa mjini wananiita wakili wa Balsam.

Ghattas


Nazlat Hanin, 3 Desemba 1958

Mdogo wangu,

Nimemlilia Balsam ambaye sikumjua. Nimemwashia mshumaa, ingawa hakuwa wa kwetu. Nilipomsimulia Abuna Makari ulichosema pale kitandani, alinyamaza, na wewe unamjua Abuna Makari, hanyamazi hata akila. Mwisho akasema, "Hayo maneno yametoka mahali pazuri." Basi na mimi nasema hivyo. Kwa Balsam ulisema kweli.

Ila umeandika "nilishinda" mara tatu katika karatasi moja. Baba alipomnunua yule punda kipofu wa Samalut alirudi nyumbani akisema "nimepata faida" mara tatu vile vile.

Balsam hakuweza kwenda mtoni. Wewe unaweza. Umelichukua jeneza la mwanamke mwema ukajificha nyuma yake, na kwa sababu ulimsitiri yeye kwanza, watu hawakuona kwamba unajisitiri na wewe. Huyo mzee ameona. Mimi nimeona kabla yake.

Unielewe vizuri. Sisemi uingie majini. Mimi sitaki uingie. Ukizamishwa tena utakuwa unamwambia mama, huko aliko, kwamba siku ile alikulowesha tu kama nguo. Ningekuwa na uwezo ningekufunga kamba kwenye kiti chako cha kunyolea. Lakini usiniletee woga uliovishwa joho la imani. Nipe woga wenyewe, uchi. Nitaupokea. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ukindu, na mimi nilikuwa kwenye mashua ile ile. Umewahi kuniona nikila samaki?

Hilana


Mallawi, 10 Desemba 1958

Kwa Ghattas kinyozi,

Nakaa mtaa wa pili tu kutoka dukani kwako, lakini naandika, maana kila tukisimama pamoja watu wanatuzunguka kama wanaotazama majogoo.

Jana nilikwenda kwa Nashid. Nimemwambia kwamba mama yake yuko kwa Bwana, na kwamba nilipaswa kusema hivyo siku ile. Nimeyala maneno yangu mbele ya kijana, na hayakuwa matamu. Nimebatiza watu wengi maishani mwangu, na mtu akishika mlango muda mrefu huanza kudhani nyumba ni yake.

Bado naamini Bwana ameagiza maji, na kwamba anayeweza kutii atii. Hilo hukunishinda. Lakini nilisema kana kwamba Mungu amefungwa kwenye maji yake mwenyewe. Hilo umenishinda, nakiri.

Nimewaomba wazee wakuruhusu uumege mkate, ukiwa mkavu au umelowa. Wamekubali. Na lile swali la njiani nimeliondoa. Sikuwa na haki ya kukuuliza mbele za watu.

Ndevu zangu zimekuwa ndefu. Nitakuja Jumamosi, na tusizungumze dini ukiwa na wembe.

Wissa


Mallawi, 29 Desemba 1958

Dada yangu,

Ni woga. Basi, nimesema.

Sikuwa na homa. Sikuwa na tumbo wala jino. Nilifika kivukoni mara zote tatu na zawadi mkononi, nikageuka. Safari ya harusi, ile sahani ya keki ya kunafa niliila peke yangu kwenye kituo cha treni huku nalia. Nikimmwagia mteja maji kichwani huwa natazama ukutani. Mke wangu Raifa anajua, lakini anadhani ni kifua dhaifu.

Mzee Wissa ameniondolea kila kitu. Wameniruhusu mkate, hakuna anayenisukuma, hakuna wa kubishana naye. Nilidhani ningefurahi. Jumapili nikaumega mkate, na uchungu ukanijaa, kwa sababu sasa hapakuwa na mtu mwingine chumbani ila mimi na huo mto. Hoja zangu zote zilikuwa za kweli, Hilana, na bado nazishika. Mtu huokoka kwa kuamini. Lakini nilizifanya kuwa ukuta.

Jumatatu nikamwendea Wissa nikamwambia. Nilidhani atanipa aya. Akavaa viatu vyake, akasema, "Twende tukautazame tu." Tangu hapo tunakwenda kila alasiri nikifunga duka. Mwanzo niliishia kwenye njia ambayo nyati wa kufugwa hushukia kunywa maji. Sasa nimefika mahali maji yanapogusa vidole vya miguu. Watoto wa pale wamenipa jina, sitakuambia.

Nimeomba nizamishwe Jumapili ile inayofuata sikukuu yenu ya Ubatizo. Siendi ili niokolewe. Nimeshaokoka nikiwa mkavu kama mkate ulioanikwa juani. Naenda kwa sababu nimeokoka, na mtu aliyeokoka hapaswi kuwa na mahali ambapo Bwana wake hawezi kumpeleka.

Najua unavyoona. Sitakudanganya kwamba nakubaliana na wewe kuhusu ule ubatizo wa utotoni. Lakini mama simtemei mate. Yeye alinitoa kwa Mungu kwa mikono yake. Mimi sasa najitoa kwa miguu yangu.

Njoo, dada. Nikikuona ukingoni nitaweza.

Ghattas


Nazlat Hanin, 8 Januari 1959

Ghattas,

Nimeisoma barua yako jana, sikukuu ya Kuzaliwa, nyama ikaungua jikoni. Tadros alikula iliyoungua.

Ahsante kwa kuniambia. Ile kunafa nakusamehe, ila ningependa kujua ilikuwa na karanga au na malai ya maziwa.

Sitakuja. Niombe jambo lingine lolote, figo langu ukitaka. Tadros ni shemasi, mimi ndiye ninayeoka mkate wa madhabahuni. Niende nikasimame mtoni nimshangilie ndugu yangu akibatizwa mara ya pili? Nitakuwa nimepanda juu ya kaburi la mama nikipiga makofi. Hata kama ningetaka, miguu ingekataa. Kumbe na mimi nina ya kwangu miguuni.

Nimekutumia fulana ya sufu uivae ukitoka majini. Usiseme nimekubali. Mwezi huu ni baridi, na hicho kifua dhaifu anachokisema Raifa kisije kikawa cha kweli.

Usiende mbali. Simama mahali unapoweza kuhisi mchanga.

Hilana


Nazlat Hanin, 26 Januari 1959

Dada,

Tazama mahali nilipoandikia. Nimekaa nyumbani kwako, kwenye benchi lako la udongo, kuku wako wananidonoa kamba za viatu. Nimevuka. Nimepanda mashua asubuhi hii pamoja na mbuzi na wanawake wa sokoni, nimesimama wima, macho wazi, nimeutazama mto mpaka mwisho. Nimekuja nikusimulie kwa mdomo wangu, na Tadros ananiambia ulikwenda Minya juzi kumwangalia shangazi Mufida ambaye ni mgonjwa. Nimekungoja tangu asubuhi. Jua linashuka na kesho lazima nifungue duka, kwa hiyo nakuachia karatasi.

Ilikuwa hivi. Tulishuka mtoni jana baada ya ibada, upepo unakata masikio. Vijana walitaka kumpokea Wissa kazi, umri wake ni mkubwa kwa maji ya Januari. Akakataa. "Huyu nimemtukana mbele za watu," akasema, "nitaganda naye mbele za watu."

Maji yalipofika magotini, miguu yangu ikasimama. Niliiambia iende, haikwenda. Wimbo nyuma yangu ukalegea, kisha ukanyamaza. Nilimsikia Raifa akiita jina langu taratibu. Nikajua nitageuka. Nilikuwa nimeshageuza bega.

Wissa akanikamata kiwiko, akaniambia sikioni, "Ghattas, nishike vizuri. Mimi sijui kuogelea."

Nikamwuliza, "Miaka yote hii unazamisha watu na hujui kuogelea?"

"Sijawahi kwenda mbali kiasi cha kuhitaji."

Nikacheka. Pale pale majini, meno yanagongana, nikacheka, na nikicheka nikakuta tumeshafika kifuani. Akauliza kama naamini. Nikasema naamini. Akanilaza.

Nilifikiri nitamwona Rizq chini. Miaka yote nimefikiri yuko pale ananingoja. Sikumwona. Nililiona lile giza la kahawia, kimya, na mkono wa mzee mgongoni kwangu, hauniachi. Halafu nuru.

Nilipoinuka ndugu walikuwa waanze wimbo, ndivyo ilivyopangwa. Hawakuwahi. Kutoka upande wa chini wa mto, pale wanawake wanapooshea masufuria, kikapigwa kigelegele kimoja, kirefu, kikali, sijawahi kusikia kama hicho tangu harusi za utotoni. Kisha kingine, kisha ukingo mzima. Kwenye kusanyiko letu hakuna desturi hiyo. Wazee wakatazamana. Wissa akasema, "Waacheni, wamefika kabla yetu." Nilikuwa na maji machoni, sikuona ni nani aliyeanza. Namshukuru, yeyote yule. Nilitoka mtoni nikicheza, mtu mzima mwenye wateja.

Fulana inanibana kwapani, lakini sijaivua.

Nimeshamweleza Tadros yote. Alisikiliza, akanimiminia chai, akasema, "Mimi ni shemasi, siwezi kusema kitu." Kisha akanichinjia bata.

Ndugu yako,
Ghattas


Nazlat Hanin, 27 Januari 1959

Mdogo wangu,

Tumepishana. Nimekuta barua yako mezani, tope la viatu vyako mlangoni, na mifupa ya bata wangu. Tadros anasema uliondoka na mashua ya alasiri, na mimi nikaja na ya magharibi. Ndugu yangu amevuka mto kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, na mimi sikuwapo hata kumpa kikombe cha maji. Nimekaa kwenye benchi hilo hilo nikajipiga paja.

Shangazi Mufida ni mzima kuliko wewe. Nilimwambia Tadros uongo, na nadhani alijua, kwa sababu mtu hamwendei mgonjwa akiwa amevaa gauni lake la Pasaka. Nililala kwa shangazi Jumamosi, Jumapili nikapanda treni ya alfajiri kwenda Mallawi. Nilijiambia nakwenda kutazama tu kwamba hutakufa maji. Nikafunika uso kwa shela, nikakaa pamoja na wanawake wanaoosha masufuria. Mmoja akanipa sufuria lake, akasema, "Kama umekuja kukaa, sugua." Nikasugua.

Nilikuona ulipokwama. Kifua changu kilisimama na wewe. Nilitaka kuita, nikaogopa ukinisikia utageuka kunitafuta na utatoka. Basi nikaliuma shela langu. Nikamwambia Mungu, "Bwana, mimi nasema alishabatizwa, yeye anasema bado. Tutakuja kwako baadaye utuamue. Sasa hivi mpeleke tu."

Kisha nikakuona unacheka. Sikujua unacheka nini. Ukalala, maji yakakufunika, na pale ulipokuwa umesimama nikaona patupu. Nikahesabu huku nimeuma meno. Ukatoka. Ghattas, ulitoka kama mtu anayetoka nyumbani kwake asubuhi.

Ulimi wangu haukuniomba ruhusa. Mimi mke wa shemasi, mwoka mkate wa madhabahuni, sufuria la watu mkononi, nilipiga kigelegele mpaka bata wa mtoni wakaruka. Mwenye sufuria akaniuliza, "Kuna nini? Ni harusi?" Nikamwambia, "Yule ni ndugu yangu, ameogopa maji tangu utoto, na tazama alipo." Naye ni Mwislamu, hajui ubatizo wala Kornelio, akaweka vidole mdomoni akapiga chake, na jirani yake akapiga, na wote wakapiga, Waislamu kwa Wakristo, wengine hata hawakujua kwa nini.

Nikaondoka kabla hujaniona. Nilifika mpaka dukani kwako, nikalikuta limefungwa, nikagusa mlango, nikarudi kwa shangazi. Ningejua kesho yake unakuja kwangu, ningepaa.

Leo asubuhi nimemwambia Abuna Makari kila kitu, kwa sababu sitaki kuoka mkate na uongo tumboni. Aliniuliza, "Unaamini ubatizo wake wa pili ni ubatizo?" Nikamwambia hapana, siamini, nilishika mshumaa wa ule wa kwanza. "Basi ulishangilia nini?" Nikamwambia, "Abuna, niliwahi kuwa na ndugu wawili. Mmoja mto ulimchukua. Jumapili nimeuona mto ukimrudisha wa pili mbele ya watu wote, akiwa mzima na anacheka. Ungekuwa wewe ungenyamaza?" Akasema niende nikaoke, unga unachachuka.

Sijakubali, usije ukajisifu. Ijumaa ijayo njoo na Raifa, na umlete huyo mzee asiyejua kuogelea. Mwambie nina maswali yangu kuhusu mwizi wa msalabani, na kwamba huku kwetu hatulali mapema. Nitapika samaki.

Dada yako,
Hilana